Cheti changu kilisema chanya: je, ndimi niliyemwambukiza mamangu?

Shikamoo mama,

Barua hii nimeiandika na kuifuta mara nyingi kabla ya kupata moyo wa kuituma. Nina miaka 46, nimeolewa, naishi Kisauni, Mombasa. Tumezaliwa watano, mimi ndiye mkubwa. Mama yetu alikuwa akiishi Msambweni, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba.

Jumapili tarehe 28 Juni 2020 niliamka na homa, mwili wote ukiniuma. Siku ya pili sikusikia harufu ya kitu chochote. Niliunguza vitunguu jikoni, watoto ndio waliokuja mbio kuniambia. Tarehe 1 Julai nikapimwa korona kwa kile kijiti cha puani, majibu yakatoka chanya. Nikajifungia chumba cha nyuma, mume wangu akiniwekea sahani mlangoni na kuondoka. Zilipopita siku kumi na moja hivi nilikuwa mzima kabisa, nafua, napika. Lakini kazini walisema sirudi mpaka nipeleke cheti cha hasi. Nikapima tena tarehe 15 Julai: chanya. Nikapima tarehe 27 Julai: chanya.

Kuna daktari mmoja niliyemlilia siku hiyo. Aliniambia, "Dada, wewe umeshapona. Kipimo hiki kinaona mabaki. Siku zako za kuambukiza zilipita zamani." Nilimwamini nusu, nusu nyingine nikabaki na hofu yangu.

Idi ya kuchinja mwaka ule ilikuwa Ijumaa, tarehe 31 Julai. Mombasa ilikuwa imefunguliwa wiki tatu tu nyuma, na mama sikuwa nimemtia machoni tangu Machi. Nikaenda. Sikumwambia mtu habari ya cheti cha tarehe 27. Nilivaa barakoa tangu nilipoingia, nikajikalia barazani kwenye mkeka, na chakula nikala peke yangu. Kitu kimoja tu nilifanya. Mama alilalamika miguu inamwaka moto, nikaingia chumbani kwake, nikamkanda kwa mafuta ya nazi kama dakika ishirini. Alisinzia nikiwa namkanda. Ile miguu ndiyo inayonitoa usingizini mpaka leo.

Mdogo wetu wa mwisho naye alikuja. Alikuwa na homa tangu Jumanne na kikohozi kidogo, lakini Alhamisi alipita zahanati moja ya mtaani wakamtoboa kidole, wakachukua tone la damu, na baada ya robo saa wakamwambia hana kitu. Alituonyesha picha kwenye simu: kijidude cheupe kama kile cha kupimia mimba, na mstari mmoja tu. Mama alifurahi mno. Akamketisha ubavuni kwake kwenye sinia la pilau, akawa anamlisha matonge kwa mkono wake kama alipokuwa mtoto. Mdogo wetu alilala hapo siku mbili.

Tarehe 4 Agosti mama akaanza kukohoa. Hospitali walimpima, wakasema ni korona. Alifariki alfajiri ya tarehe 17.

Tukiwa matangani, wifi yangu alishika simu yangu akitafuta namba ya mtu, akauona ujumbe wa majibu ya tarehe 27 Julai. Tangu hapo mimi ndiye niliyemuua mama. "Ulijua. Ulikuja ukijua." Khalati hataki nishike chombo chake. Hitma inasomwa kila Agosti. Napeleka mchele na sukari, vinapokelewa mlangoni, narudi na gari lile lile. Mwaka wa tano umeshapita. Ni yule mdogo wetu tu anayenipigia, kila Ijumaa baada ya swala, hata iweje. Yeye mwenyewe siku hizi amekuwa mkimya, hata sinia hali tena na wenzake, anataka apakuliwe sahani yake. Lakini Ijumaa haipiti.

Nataka kujua kitu kimoja. Ndimi? Na iweje mtu mwenye homa apimwe aonekane hana, na mimi niliyekuwa mzima nionekane ninayo? Nyumbani wanasema huo ndio ushahidi wenyewe.

Binti wa Msambweni

*

Marahaba mwanangu, na pole. Mungu amrehemu mama.

Nilikupigia kabla ya kuandika jibu hili. Tumebadilisha mambo mawili matatu ili usitambulike, na nikakuuliza kama wakati ule ulikuwa na ugonjwa wowote unaodhoofisha kinga ya mwili, kama ulikuwa ukitumia dawa za saratani, kama ulilazwa au kuwekewa oksijeni. Kote ukasema hapana. Sikuuliza kwa udadisi. Jibu langu linasimama juu ya hayo.

Jibu lenyewe ni hili: si wewe. Sisemi hivyo kwa kukubembeleza. Kabla ya safu hii nilifanya kazi maabara miaka mingi, na ninachokitegemea hapa ni hesabu ya siku. Chukua kalenda ya mwaka 2020 tuhesabu pamoja.

Homa yako ilianza tarehe 28 Juni. Idi ilikuwa tarehe 31 Julai. Hizo ni siku 33. Homa ya mdogo wako ilianza Jumanne tarehe 28 Julai, kwa hiyo kwenye sinia lile la pilau alikuwa na siku tatu. Shikilia namba hizo mbili, 33 na 3, kwa sababu familia yenu ilitazama vyeti ikasahau kutazama siku.

Januari 2020, kabla Afrika Mashariki haijapata mgonjwa wake wa kwanza, kampuni moja ya vifaa vya magari huko Stockdorf, karibu na Munich, Ujerumani, ilipokea mgeni wa kikazi kutoka Shanghai. Alirudi kwao akaonekana ana kirusi kipya, na wafanyakazi wenzake wa Ujerumani wakaanza kuugua mmoja baada ya mwingine. Tisa kati ya hao walilazwa katika hospitali ya Schwabing, na madaktari pamoja na wataalamu wa virusi, akiwemo Christian Drosten wa Berlin, wakafanya kazi ambayo mpaka leo naiheshimu. Wengi wao waliugua ugonjwa mwepesi kama wako, na walijulikana mapema kabisa, kwa hiyo iliwezekana kuwapima siku baada ya siku: koo, makohozi, choo, mkojo, damu. Tena hawakuishia kuuliza kama kirusi kipo. Waliuliza kama kiko hai.

Hapo pana tofauti kubwa. Kipimo chako cha puani, kile cha PCR, kinatafuta vipande vya chembe za urithi za kirusi na kuvizidisha mamilioni ya mara mpaka vionekane. Ni kipimo kizuri sana kwa kuuliza, "Huyu ameambukizwa?" Lakini hakijui kama vipande hivyo ni vya kirusi kizima au vya kirusi kilichokwisha kusambaratika. Umekaa pwani, umepaa samaki. Samaki anaweza kuwa ameshaliwa tangu jana, na sakafu ya jikoni bado inang'aa magamba. Ukihesabu magamba utasema samaki yupo. PCR inahesabu magamba.

Ukitaka kujua kama samaki yupo kweli, unachukua ute wa koo unaupeleka maabara yenye ulinzi mkali, unaumwagia juu ya seli hai, kwa kawaida zile zilizotokana na figo la tumbili, na unasubiri. Kirusi hai kitaingia, kitazaana, seli zitakufa na utaziona kwa hadubini. Kirusi kilichokufa hakifanyi kitu. Ni kazi ya siku kadhaa, ya gharama na ya hatari, ndiyo maana hakuna zahanati inayokufanyia.

Kwa wagonjwa wale wa Munich, koo zao zilijaa virusi mwanzoni kabisa. Kilele kilifika kabla ya siku ya 5 ya dalili, na mgonjwa mmoja alikutwa na nakala zaidi ya milioni 700 kwenye kijiti kimoja tu cha koo. Katika wiki hiyo ya kwanza kirusi hai kilioteshwa kwa urahisi. Baada ya siku ya 8 hakikuota tena kwa mgonjwa yeyote, ingawa PCR iliendelea kusema chanya na vipande bado vilikuwa vingi.

Siku ya 8, mwanangu. Wewe ulikuwa siku ya 33.

Najua utasema wagonjwa tisa ni wachache. Ni kweli, na mimi nisingekuandikia kwa kuwategemea hao peke yao. Korea Kusini, mwezi Mei 2020, mamlaka ya kudhibiti magonjwa ilifuatilia watu 285 waliopona, wakaruhusiwa kwenda nyumbani, kisha wakapimwa tena wakatoka chanya. Nchi nzima ilitishika ikidhani ugonjwa unarudi. Wakachunguza watu 790 waliokutana nao, wasimpate hata mmoja ambaye ingethibitika kwamba aliambukizwa na hao. Wakajaribu kuotesha virusi kutoka kwa watu 108, hakuna kilichoota. Rotterdam, Uholanzi, walichukua wagonjwa 129 wa hospitali, wengi wao mahututi, watu ambao tunajua hutoa virusi kwa muda mrefu kuliko wenye ugonjwa mwepesi. Siku ya mwisho kabisa walipopata kirusi hai ilikuwa ya 20 tangu dalili kuanza. Wapo wanaoweza kuzidi hapo, nao ni watu wenye kinga dhaifu sana. Ndiyo sababu ya maswali yangu kwenye simu.

Kwa hiyo yule daktari wako alisema kweli. Wiki chache kabla ya hapo, tarehe 17 Juni 2020, Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeeleza kwa nini limeacha sharti la vipimo viwili hasi ndipo mgonjwa atoke karantini. Sharti jipya lilikuwa siku 10 tangu dalili kuanza, na angalau siku tatu zaidi bila homa wala shida ya kupumua. Wewe hilo ulilitimiza kabla ya nusu ya Julai. Kazini kwako ndiko walikobaki na sharti la zamani, wakakutesa kwa cheti ambacho hakikuwa kinajibu swali lao. Nawasikitikia wote waliokwama hivyo mwaka ule, wakiwemo madereva wa malori waliolala mipakani siku na wiki wakisubiri karatasi.

Sasa swali lako la pili. Hapa nakuomba usome taratibu, kwa sababu nilipofika hapa kwenye barua yako niliweka miwani mezani.

Kipimo alichofanyiwa mdogo wako hakikutafuta kirusi kabisa. Kile kijidude cha tone la damu kilikuwa kinatafuta kingamwili, yaani zile protini ambazo mwili wenyewe unazitengeneza kumkamata mdudu aliyeingia. Nazo hazitengenezwi kwa siku moja. Mwili haujawahi kumwona adui huyu. Lazima kwanza seli za kinga zimtambue, zichague miongoni mwao zile zenye umbo linalomshika, zizaane ziwe nyingi, ndipo zianze kumwaga kingamwili kwenye damu. Mvuvi hafumi jarife kabla ya kujua ni papa wa ukubwa gani anayemtafuta. Kwa wale wa Munich, nusu tu walikuwa na kingamwili ilipofika siku ya 7. Wote walizipata kufikia siku ya 14. Shenzhen, China, kati ya wagonjwa 173, katika wiki ya kwanza hawakufika wanne kwa kila kumi waliokuwa na kingamwili zinazoonekana.

Kwa hiyo mtu wa siku ya tatu akipimwa kingamwili, jibu la hasi ni jibu la kawaida kabisa, awe ana korona au hana. Mstari ule mmoja kwenye simu ulikuwa unasema tu kwamba jarife halijafumwa. Zahanati ikausoma kama "huna kitu". Shirika la Afya Duniani lilikuwa limeshaonya tangu tarehe 8 Aprili 2020 kwamba vipimo hivyo visitumike kuamua nani mgonjwa nani mzima, vibaki kwenye utafiti. Aliyemtoboa kidole mdogo wako ama hakujua, ama alijua akauza. Na kosa hilo halikumkuta yeye peke yake. Watu wa mataifa mengi walitolewa tone la damu wakarudi nyumbani na furaha isiyo na msingi.

Ubaya wake ni kwamba kipimo hiki hukosea katika siku zile zile ambazo mtu huambukiza zaidi kuliko siku nyingine zote. Hapo ndipo korona hii ilipotofautiana na ndugu yake, SARS ya mwaka 2003. Kwa SARS, virusi hufika kilele siku ya 7 mpaka ya 10, mgonjwa akiwa kitandani hajiwezi, kwa hiyo ukimtenga aliyelala umeziba njia nyingi. Korona hii hufika kilele mtu bado anatembea, anakohoa kidogo na kusema ni vumbi la safari. Wataalamu wa Guangzhou walikadiria kwamba maambukizi 44 kwa kila 100 yalitokea hata kabla aliyeambukiza hajaanza kuumwa. London, mwaka 2021, vijana 36 walijitolea kudondoshewa kirusi puani kwa makusudi chini ya uangalizi wa hospitali; 18 wakaambukizwa, na ndani ya siku mbili hivi kirusi kilikuwa kimeshaonekana kooni, kikafika kilele karibu siku ya tano.

Na hata kingamwili zingekuwa zimetoka, zisingekuwa hati ya usafi. Kwa wale wa Munich zilipotokea, virusi kooni havikutoweka ghafla, vilishuka polepole. Nalitaja hili kwa sababu najua wasomaji wengi wanafikiri kingamwili ikifika tu, ugonjwa umefungasha.

Sasa umeshaona hesabu inaelekea wapi. Nilipokueleza kwenye simu ulinyamaza muda mrefu, kisha ukasema, "Basi afadhali ningebaki kuwa mimi." Nimelichukua neno hilo na kutembea nalo siku mbili.

Naomba unisikilize kwa makini, kwa sababu nisichotaka ni kukutua wewe jiwe nimbebeshe mdogo wako. Siwezi kusema ni yeye. Hakuna aliyemchukua ute wa koo siku ile. Homa na kikohozi pwani mwezi wa Julai vinaweza kuwa mafua, vinaweza kuwa malaria, vinaweza kuwa mambo kumi. Mama alianza kukohoa siku nne baada ya Idi. Ugonjwa huu kwa kawaida huchukua siku tano au sita kujitokeza lakini unaweza kuwa mbili, unaweza kuwa kumi na nne. Mlango wa kuambukizwa ulikuwa wazi tangu wiki mbili nyuma. Na kirusi kilikuwa kimeshaingia majumbani kuliko tulivyodhani. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust, Kilifi, walipima damu ya wachangiaji 3,098 nchini Kenya kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni 2020. Mombasa walikuta karibu watu 8 kwa kila 100 wameshakuwa na kingamwili, wengi wao pengine bila kujua kama waliwahi kuugua. (Hapo kipimo cha kingamwili kilikuwa mahali pake: kuuliza ni nani ameshapitiwa.) Siku ya Idi nyumba ya bibi huingia watu wangapi kumpa mkono? Jirani, wajukuu, mwenye nyama, mwenye kuni. Ninachoweza kusema kwa uhakika wa maabara ni kwamba wewe wa siku ya 33 huhesabiki. Waliobaki, mimi sina kipimo cha kuwachagua, na wewe pia huna.

Lakini kuna jambo nililoliona katika barua yako ambalo huenda wewe hujaliona. Mdogo wako hukupigia kila Ijumaa, miaka mitano. Yeye peke yake. Hali tena kwenye sinia, yeye aliyekuwa akilishwa matonge. Na wakati huo wote, kwa jinsi unavyosimulia, hajawahi kusimama mbele ya khalati akasema, "Mwacheni dada." Huenda nakosea, na nikikosea Mungu anisamehe, lakini mimi namwona mtu ambaye ameshahesabu siku. Siku hizi habari hizi ziko kila mahali. Mtu mwenye simu na moyo unaomsuta haikosi siku atakutana nazo. Nadhani hukupigia kwa mapenzi, na pia kwa sababu anaona unabeba mzigo ambao anaogopa kwamba ni wake.

Kwa hiyo usianzie Msambweni. Anzia kwake, na usianze kwa simu. Mwite kwako, siku ambayo watoto hawapo, umpikie. Msimulie ulichojifunza kuhusu cheti chako wewe, cha puani, na siku zako 33. Cha kwake usikitaje. Kisha nyamaza. Kama hajui, atafurahi kwa ajili yako na mambo yataishia hapo, na sioni kwamba una wajibu wa kumfungulia mlango ambao hakuna ajuaye nyuma yake pana nini. Kama anajua, atasema mwenyewe. Akisema, mwambie maneno haya, nayo ni ya kweli: alikuwa na homa, akafanya alichoambiwa ni sahihi, akaenda kupima kabla ya kumkaribia mama, akalipa pesa yake, na mtu aliyevaa koti jeupe akamwambia yuko salama. Kijana aliyetaka kumdhuru mama asingepita zahanati. Na mwambie pia kwamba mama alimlisha kwa mkono wake mwenyewe kwa sababu alitaka.

Mkishamaliza hayo, nendeni kwa khalati pamoja. Hapo useme habari yako tu: kipimo kile huendelea kuona mabaki kwa wiki nyingi, daktari alikuwa amekwambia siku zako zimepita, na sasa unajua alisema kweli. Chukua kalenda, mhesabie. Wazee wetu wanahesabu arubaini, wanahesabu eda. Hesabu ya siku wanaielewa kuliko sisi. Atakuuliza, "Kama si wewe, nani basi?" Jibu, "Sijui, khalati, na hakuna ajuaye." Huo si uongo wa kumficha mtu. Ndio ukweli ulipofikia. Hudaiwi mkosaji mwingine ili uachiwe wewe.

Kosa moja ninalolikubali upande wako, na nimekwambia: cheti cha tarehe 27 hukupaswa kukificha. Ungesema mapema, "Kimetoka chanya lakini daktari amesema hivi na hivi," pengine wangekukatalia kuja, pengine wangekuelewa. Kukiona kwenye simu yako matangani ndiko kulikowachoma, na nadhani nusu ya hasira yao ni hiyo. Liombee radhi hilo, hilo tu. Usiombe radhi kwa kifo.

Kwa wasomaji wengine, maana najua simu zitaingia: vipimo vya haraka vinavyouzwa siku hizi kwa ajili ya korona ni vya puani, vinatafuta protini ya kirusi chenyewe na si kingamwili. Kwa wale vijana wa London vilikwenda sambamba vizuri na siku ambazo kirusi hai kilikuwapo. Hata hivyo siku ya kwanza au ya pili vinaweza kukosa. Ukiwa na homa na kikohozi kilichoanza juzi, mstari mmoja usikupeleke kumbusu bibi. Subiri, pima tena kesho na keshokutwa, na wiki hiyo ya kwanza ukae mbali na wazee hata kama kifaa kinasema huna kitu.

Mwanangu, jibu hili nilikusomea lote kwenye simu jana usiku kabla ya kulituma. Ulisikiliza mpaka mwisho, hukuuliza habari ya Munich wala ya vipimo. Uliuliza tu, "Kwa hiyo ile miguu, mama?"

Ile miguu ulimkanda tu, mwanangu. Ilikuwa inamwaka moto, ukamkanda, akasinzia.